Kwa Nini Ngozi Inawasha Kisha Kumeza Dawa?

Ndugu msomaji wa Kpandroma, pengine ulisikia jirani akisema: «Nilimeza Mectizan, na usiku ule nikajikuna mpaka asubuhi. Dawa hii ni sumu.» Je, ni kweli? Hapana. Soma polepole utaelewa.

UGONJWA UNATOKA WAPI?

Upofu wa mtoni unaletwa na inzi mdogo mweusi anayezaa katika maji yanayokimbia kwa nguvu juu ya mawe. Inzi akiuma mgonjwa, na siku zingine akiuma wewe, anakuachia mnyoo. Minyoo mikubwa inakaa katika vinundu chini ya ngozi miaka 10 mpaka 15. Kila siku inazaa watoto wengi sana. Hao wanatembea ndani ya ngozi, hata ndani ya macho. Mtoto mmoja anaishi mwaka 1 au 2, halafu anakufa.

MNYOO ANATULIZA ASKARI

Mwili una askari, ndio chembe nyeupe za damu. Ndani ya kila chembe kuna maagizo tuliyorithi kwa baba na mama, yanaitwa jeni. Chembe haisomi yote mara moja. Ni kama kitabu cha nyimbo: unafungua ukurasa unaotakiwa leo, kurasa zingine zinabaki zimefungwa. Mnyoo mzima anatoa vitu vinavyofanya chembe zifungue ukurasa wa kusema «Tulieni.» Ndiyo sababu mtu anaweza kubeba maelfu ya watoto wa mnyoo na kuwashwa kidogo tu.

Lakini mtoto wa mnyoo akifa, mambo yanageuka. Ndani yake mna vijidudu vidogo zaidi, jina lao Wolbachia. Vinamwagika, askari wanavitambua, nao wanafungua ukurasa wa vita. Ngozi inavimba na kuwasha. Pengine homa inakuja, na maungo yanauma. Mectizan inamaliza watoto wengi kwa siku chache, basi vita inakuwa kubwa. Kumbe kuwashwa kule ni kazi ya askari wako mwenyewe!

Watu hawafanani, kwa sababu jeni zao hazifanani. Wengine askari wao ni wakali sana: minyoo ni michache, lakini mguu mmoja unakuwa mweusi, mnene, wenye kuwasha vikali.

NA ANAYEKATAA DAWA?

Yeye hakukimbia vita. Minyoo yake inakufa kidogo kidogo kila siku, na kila mmoja unaacha kovu. Ngozi ya miguu inapata madoa kama ya chui, na jicho linafungwa. Macho yakiisha kupofuka hivyo, dawa haiyarudishi.

FANYA HIVI

1. Meza dawa kila inapogawanywa, miaka mingi. Haiui minyoo mikubwa. Inaua watoto na kusimamisha uzazi kwa miezi.
2. Ukiwashwa kisha kumeza, usiogope. Homa ikizidi, au ukiona kizunguzungu, uende kwa munganga.
3. Mama mwenye mimba, mama aliyezaa juma hili, mtoto chini ya miaka 5 na mgonjwa sana wasimeze.
4. Kama ulikaa katika pori kubwa la chini, au uliona mnyoo akipita katika jicho, sema mbele ya kumeza. Mnyoo ule ni mwingine, na dawa inaweza kuleta hatari katika ubongo.

Mama, baba, mweleze jirani yako habari hii. Usiku mmoja wa kujikuna ni afadhali kuliko giza la maisha yote.