Maana ya ‘lessor’ na ‘lessee’, na kosa la ‘nimekodisha nyumba’

MSIMU wa masika uliopita, mama mmoja mshonaji mwenye kibanda karibu na steji ya Kawangware 46 aliniita nilipokuwa nikishuka matatu. Mkononi alishika karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Nyuma yake, juu ya meza ya kukatia vitambaa, zilikuwa zimetandazwa sare za shule zilizolowa maji.

“Mwalimu, hebu nisomee hii agrimenti,” akasema. “Landilodi anasema mabati ni juu yangu. Mimi naona imeandikwa ni juu yake.”

Kifungu kilichozua mzozo kilikuwa kifupi. Kilisema kwamba paa likiharibika, anayeitwa ‘lessee’ ndiye atakayelitengeneza.

“Sasa lessee si ndiye mwenye nyumba?” akaniuliza. Nilipotaka kujua kwa nini alifikiri hivyo, alinipa jibu ambalo siwezi kulidharau: “Si hilo jina ndilo limejaa kwa karatasi yote? Anayetajwa sana ndiye mwenye mali.”

Kumbe ni kinyume. Katika mikataba ya aina hii, ‘lessee’ hutajwa mara nyingi kwa sababu ndiye anayebebeshwa masharti mengi: atalipa kufikia tarehe fulani, hatabomoa ukuta, hatampangisha mtu mwingine, atarudisha funguo. Mama huyo alikuwa ametia sahihi miezi kadhaa kabla ya mvua kunyesha, akiamini kwamba masharti yale yalikuwa ya mwenzake.

Makala haya yananuia kufafanua tofauti baina ya maneno hayo mawili ya Kiingereza. Aidha, yataonyesha kwamba kosa la mshonaji huyu lina ndugu yake katika Kiswahili tunachokizungumza kila siku.

‘Lessor’ ni mwenye mali anayeitoa itumiwe na mtu mwingine kwa muda na kwa malipo. ‘Lessee’ ni yule anayeipokea mali hiyo, akaitumia na kuilipia. Kwa hivyo, mwenye kibanda ni ‘lessor’, naye mshonaji ni ‘lessee’. Maneno yote mawili yanatokana na ‘lease’, neno lililoingia katika Kiingereza kutoka kwa kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kuacha au kuachilia. Mwenye mali huiachilia kwa muda, mwenzake huachiliwa.

Kwa nini Kifaransa? Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na hatimaye ya mahakama. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria ya kutaka kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, lakini istilahi nyingi za Kifaransa zilikuwa zimekwisha kuota mizizi. Miongoni mwa mabaki hayo ni viambishi viwili vya mwishoni: ‘-or’ cha mtendaji na ‘-ee’ cha mtendwa au mpokeaji. Ndiyo maana tuna ‘employer’ na ‘employee’, ‘donor’ na ‘donee’, ‘trainer’ na ‘trainee’.

Msomaji wa Kiswahili hatatatizika kuelewa mpango huo. Kiambishi ‘-ee’ kinakaribiana na ‘-w-’ yetu ya kutendwa. Anayeajiri ni mwajiri. Anayeajiriwa ni mwajiriwa. Kufikia hapo, lugha hizi mbili zinakwenda sambamba.

Zinaachana tunapofika kwenye nyumba. Kiingereza cha sheria humtazama kwanza mwenye mali. Yeye ndiye mtendaji, naye mpangaji ni mpokeaji tu. Kiswahili kinaanzia upande wa pili. Kitenzi cha msingi ni ‘panga’, na anayepanga ni yule anayeingia katika nyumba ya mwingine na kuilipia kodi. Huyo ndiye mpangaji. Ili kumpata mwenye nyumba, tunalazimika kurefusha kitenzi kwa kiambishi cha kusababisha: ‘pangisha’, yaani kumfanya mwingine apange. Huyo ni mpangishaji.

Hali ni iyo hiyo kwa ‘kodi’ na ‘kodisha’, na vilevile kwa ‘kopa’ na ‘kopesha’. Neno fupi ni la anayepokea. Neno refu ni la anayetoa. Wahenga waliposema kukopa harusi kulipa matanga, walimlenga mwenye deni, wala si aliyetoa fedha.

Kwa hivyo, anayetafsiri ‘lessee’ kwa kufuata umbo lake pekee atapotea. Kwa Kiingereza mtu huyu ni mtendwa, ilhali kwa Kiswahili ni mtendaji. Tafsiri yake ni mpangaji, na ya ‘lessor’ ni mpangishaji au, kwa lugha nyepesi, mwenye nyumba.

Hebu sasa tujitazame wenyewe. Ni mara ngapi umemsikia mtu jijini Nairobi akisema, “Nimekodisha nyumba Kawangware, chumba kimoja tu”? Anachokusudia ni kwamba anaishi humo na analipa kodi kila mwezi. Alichokisema, hata hivyo, ni kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na amempa mtu mwingine aitumie. Ilimpasa kusema, “Nimekodi nyumba” au “Nimepanga nyumba.” Wapo pia wanaosema, “Nilikopesha pesa kwa chama nikalipe fizi,” ilhali wao ndio waliokopa. Mtu wa aina hii, kwa maneno yake mwenyewe, amejigeuza ‘lessor’ bila kumiliki hata msumari.

Huenda kosa hili linachochewa na neno ‘rent’ la Kiingereza, ambalo hutumiwa pande zote mbili: mwenye nyumba na mpangaji wote wanaweza kulitumia kuelezea wanachofanya. Kiswahili hakina sababu ya kuingia katika utata huo, kwa kuwa kimempa kila mmoja kitenzi chake.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waliosoma sana. Mtu anapochukua mkopo na kuweka nyumba yake rehani, nani ni ‘mortgagor’ na nani ni ‘mortgagee’? Wengi watasema benki ni ‘mortgagor’ kwa kuwa ndiyo inayotoa pesa. La hasha! Kinachozungumziwa na neno hilo si pesa bali ni rehani, na anayetoa rehani ni mwenye nyumba. Yeye ndiye ‘mortgagor’. Benki inayoipokea rehani ni ‘mortgagee’. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 hutumia ‘chargor’ na ‘chargee’ kwa mpangilio uo huo. Anayesoma tangazo la mnada gazetini bila kulijua hili anaweza kudhani kwamba benki ndiyo inayouziwa nyumba.

Dawa ya mtego huu ni swali moja: ni kitu gani kinachotolewa? Ukishakijua, mtoaji atachukua ‘-or’ na mpokeaji atachukua ‘-ee’. Hata hivyo, kanuni hii isigeuzwe msahafu. ‘Escapee’ ni mtu aliyetoroka mwenyewe wala hakutoroshwa, na ‘attendee’ ni mtu aliyehudhuria. Katika maneno ya mikataba ya mali, lakini, kanuni hiyo haitakuangusha.

Jihadhari pia na ‘lesser’. Neno hili, lenye maana ya kilicho pungufu au hafifu zaidi, linatofautiana na ‘lessor’ kwa herufi moja tu. Mikataba mingi mitaani huchapwa katika saiba kwa kunakili ya watu wengine, na kosa moja huhama kutoka karatasi hadi karatasi.

Je, haya yana umuhimu gani kwa mtu wa kawaida? Yana umuhimu mkubwa, maana haki na wajibu hufuata jina. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, yaani Sura ya 301, haimruhusu mwenye duka kumwongezea kodi mpangaji anayelindwa nayo bila kumpa notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili. Lakini atawezaje kudai kinga ya mpangaji mtu asiyejua kwamba mpangaji ni yeye?

Zaidi ya hayo, Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mwenye kibanda na mshonaji wanaojadiliana bei kwa Kiswahili, wakacheka kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili, wanaweza pia kuandikiana kwa Kiswahili. ‘Mwenye kibanda’ na ‘mpangaji’ ni maneno ambayo hakuna upande utakaodai haukuyaelewa.

Nilipomaliza kumweleza mama yule, alizikunja karatasi zake polepole. “Kumbe lessee ni mimi,” akasema. “Na nimekuwa nikimcheka huyo mtu kwa vile kazi yote ni yake.” Mabati alinunua yeye.

Kwa muhtasari, ‘lessor’ ni mpangishaji na ‘lessee’ ni mpangaji. Anayekodi hupokea, anayekodisha hutoa. Kabla ya kutia sahihi, tafuta kwanza jina lako katika karatasi hiyo, kisha usome kila sentensi ambamo limetajwa.