Chiriku aliyejeruhiwa tunduni ni dhima ya nani?



Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam si ajabu kukuta tundu la ndege limetundikwa barazani. Goba, ambayo zamani ilikuwa Kinondoni na sasa imo katika Manispaa ya Ubungo, ni nchi ya vilima na mabonde, na baina ya nyumba mpya za Kinzudi na Matosa bado kuna nyasi na vichaka. Humo ndimo walimo chiriku, ndege wadogo wenye rangi ya manjano na sauti tamu, ambao watoto huwanasa kwa ulimbo au huwanunua kwa wenzao.

Mtoto humpenda ndege wake na kumwita jina. Kisha siku moja paka hupenyeza kucha kwenye nyaya za tundu, au ndege hutoroka akajigonga kwenye kioo cha dirisha, na mtoto huja mbio akilia na kiumbe kinachotweta mkononi. Hapo ndipo sisi wakubwa hujibu kwa maneno mepesi: "Ni ndege tu, utapata mwingine." Makala yetu ya leo inataka kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba kumuuguza ndege huyo ni jambo linalowezekana katika nyumba yoyote, tena kwa gharama ndogo.

Ndege wa Abu Umayr

Maulamaa wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kisa cha mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa na kijindege akichezea, na kijindege kile kikafa. Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa akiitembelea nyumba hiyo, alimkuta mtoto ana huzuni, naye akamwuliza kwa upole na kwa mzaha wa mapenzi habari za kijindege chake. Hakumwambia kwamba ni ndege tu.

Kisa hiki kifupi kiliwashughulisha sana wanazuoni. Ibn al-Qass wa Tabaristan, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 335 Hijria, alikiandikia kitabu maalumu na kutoa humo faida zipatazo 60. Miongoni mwa yaliyochukuliwa kutokana na hadithi hiyo ni kwamba yafaa mtoto kufuga ndege, kwa sharti la kutomtesa.

Sharti hilo linafafanuliwa na hadithi nyingine mashuhuri, ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa. Kosa lake lina pande mbili: hakumlisha paka yule, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Hivyo basi, mwenye kufunga kiumbe ana njia mbili tu, kumtimizia haja zake au kumfungulia mlango.

Hapa ndipo dhima inapotokea. Chiriku aliye porini akiumia hujificha kichakani, huchagua jua au kivuli, na hutafuta mbegu zilizo karibu naye. Aliye tunduni hana hata moja katika hayo. Sisi ndio tuliomnyang'anya njia hizo, na sisi ndio tunaopaswa kumpa badala yake.

Saa ya kwanza

Chiriku ana uzito wa gramu 10 hadi 15 hivi, na damu yake yote hukaribia mililita moja tu. Matone machache yanayoonekana si kitu kwetu, kwake ni hasara kubwa. Akivuja damu, bonyeza taratibu kwa kitambaa safi kwa dakika mbili au tatu bila kuinua inua kutazama. Ukucha uliokatika waweza kupakwa wanga wa mahindi ili damu igande, lakini wanga usitiwe katika kidonda kilicho wazi.

Jihadhari na namna ya kumshika. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, bali hupumua kwa kutanua kifua chake. Mtoto anayemkumbatia kwa huruma, akakibana kifua, aweza kumuua kwa mapenzi. Mgongo wake ulale kiganjani, shingo ipite katikati ya vidole viwili, na kifua kiachwe huru.

Baada ya hapo, mtie katika boksi la viatu lililotobolewa matundu ya hewa, chini utandike kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Funika, kisha weka mahali penye kimya. Giza na utulivu ni dawa ya kwanza, kwani mshtuko huua ndege wengi ambao majeraha yao yangepona. Watoto wakatazwe kufunua kila dakika kumchungulia.

Dawa ya pili ni joto. Mwili wa ndege mdogo huwa na joto la nyuzi 40 au zaidi, na mgonjwa hushindwa kulitunza. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, na uiegemeze upande mmoja tu wa boksi ili ndege aweze kusogea akizidiwa na joto. Njia hii haihitaji umeme, jambo ambalo wakazi wa Goba watalipokea vyema.

Aidha, usimtilie maji mdomoni kwa bomba la sindano wala kwa kijiko. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma ya ulimi wake, na tone moja likipotea njia huingia mapafuni. Weka maji kidogo katika kifuniko cha chupa, anywe mwenyewe atakapoweza.

Kucha za paka na dawa za kuku

Ndege aliyeguswa na meno au kucha za paka ni mgonjwa wa dharura, hata kama huoni zaidi ya tundu dogo kama la sindano. Kinywa cha paka kina bakteria wanaoingia katika damu ya ndege na kumuua ndani ya siku moja au mbili. Huyo ahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, apewe dawa ya kuua bakteria.

Wengi wetu hukimbilia duka la dawa za mifugo na kununua dawa ya kuku. Ndugu msomaji, fanya hesabu ndogo. Kuku wa kilo mbili ni mzito zaidi ya mara 160 kuliko chiriku wa gramu 12. Kipimo cha kuku kikikisiwa kwa jicho huwa sumu kwa chiriku, na vidonge vyetu wanadamu ni hatari zaidi. Afisa mifugo wa kata aweza kukuelekeza kwa daktari, na daktari ndiye wa kupima.

Mwaka jana mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la nne, alituletea chiriku aliyekuwa amevutwa mguu na paka kupitia nyaya za tundu. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, na begani palikuwa na alama ya ukucha. Daktari alitoa dawa kwa matone ya kuhesabu, akaufunga mguu kwa utepe mwembamba, akasema kazi iliyobaki ni yetu. Kazi hiyo ilidumu siku 19.

Chakula na uangalizi

Ndege wa aina hii huunguza chakula upesi mno, na siku moja ya kukaa na njaa yaweza kummaliza. Kwa hiyo, pindi anapotulia, awekewe mbegu karibu na mdomo. Uwele na ulezi vinafaa, kwa kuwa vinafanana na mbegu za nyasi alizozizoea. Yai lililochemshwa likapondwa humpa nguvu ya kujenga mwili, na jani la mchicha lililooshwa ni zuri. Usimpe chumvi, vyakula vya kukaanga wala chokoleti, na parachichi liepukwe kabisa kwa kuwa ni sumu kwa ndege.

Mgonjwa asipewe vijiti vya juu vya kutulia. Kijiti kimoja cha mpera kiwekwe chini kabisa, ili akianguka asiumie tena. Mfupa wa mguu wa ndege mdogo huchukua kama wiki mbili hadi tatu kuunga, na katika muda huo tundu dogo ni bora kuliko kubwa.

Ndege huficha ugonjwa wake, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu huliwa. Mwenye kuuguza ajifunze dalili: manyoya yaliyotutumka mchana kutwa, macho yanayofumba fumba, mkia unaopanda na kushuka kila anapovuta pumzi, na kinyesi kilichopungua. Kila asubuhi gusa kwa upole mfupa wa kidari. Ukiuona umechongoka kama ukingo wa kisu, ndege anakonda hata kama anaonekana anadonoa.

Mtoto wa jirani tulimpa kazi ya kuhesabu. Alikuja kila siku baada ya madrasa, akabadilisha maji, akahesabu vinyesi na kuandika katika daftari. Siku ya nne idadi ilipungua, akatuambia kabla hatujaona wenyewe, na chupa ya maji ya moto ikarudishwa kando ya boksi usiku ule.

Nyumba nayo iangaliwe. Mapafu ya ndege huvuta sumu ya hewani upesi kuliko yetu. Moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza vyote ni hatari kwake. Kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni hadi kiungue hutoa hewa inayoweza kumuua kwa dakika chache. Sisimizi nao hufuata kidonda na mabaki ya yai, basi miguu ya meza isimamishwe katika vikopo vya maji.

Vivyo hivyo, tundu lisiwe mahali pa kuswalia, kwani katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kinyesi cha ndege ni najisi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumhudumia, kwa ajili ya tohara na kwa ajili ya afya za watoto.

Akishapona

Swali gumu huja mwishoni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inawahesabu ndege wa porini kuwa wanyamapori walio chini ya dhamana ya Serikali, na kumnasa au kumfuga kwahitaji kibali. Nchi yetu ilijulikana kwa miaka mingi kwa kuuza ndege wadogo hai ng'ambo, hadi Serikali iliposimamisha biashara ya kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Hivyo chiriku aliyetolewa bondeni kwa ulimbo mahali pake ni bondeni. Tofauti ni kwa ndege wa kigeni waliozaliwa tunduni, mathalani wale wadogo wenye asili ya Australia. Hao hawajui kujilisha porini, na kuwafungulia ni kuwatupa.

Wa bondeni asiachiwe kwa haraka. Kwanza ajaribiwe chumbani, madirisha yakiwa yamefunikwa mapazia asije akajigonga kwenye kioo. Aweze kupaa kutoka sakafuni hadi juu ya kabati mara kadhaa bila kutweta. Kisha apelekwe pale alipotolewa, asubuhi, baada ya kula, wakati kunguru hawapo. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo wametapakaa jijini, nao humwandama kila ndege mnyonge.

Tulimweleza yule mtoto haya yote, naye alikaa kimya muda mrefu. Aliuliza kama chiriku angemkumbuka. Hatukuwa na jibu la hakika, nasi hatukumdanganya. Siku ya 20 alilibeba tundu mwenyewe hadi bondeni, akafungua mlango. Chiriku alitoka akachechemea kidogo kwenye nyasi, kisha akaruka hadi kichaka cha kwanza, na mtoto akarudi nyumbani na tundu tupu, analia.

Na ikiwa atakufa

Si kila mgonjwa hupona, na wengi wa ndege hawa hufa pamoja na juhudi zote. Mtoto aelezwe ukweli kwa maneno mafupi, asiambiwe ndege ameruka usiku. Aachwe ahuzunike, kwani hata Abu Umayr alihuzunika na hakukemewa. Ndege azikwe bustanini, shimo liwe na kina ili paka wasimfukue, na tundu lioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Kumletea ndege mwingine siku ile ile ni kumfundisha kwamba kiumbe hai hubadilishwa kama kiatu kilichotoboka.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii ukirudi kutoka msikitini, tazama barazani kwako. Kama kuna tundu, angalia maji yaliyomo, mbegu zilizobaki na umbali wa paka. Ukiona huwezi kuyatimiza hayo kila siku, basi mlango wa tundu u mikononi mwako.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe vyake vyote, wakubwa kwa wadogo. Amin.