Unyevu Katika Mtambo wa Hewa Tiba

Mtambo wa kuzalisha hewa tiba ya oksijeni katika hospitali ya wilaya huvuta hewa ya kawaida, ambayo asilimia 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Kompresa huigandamiza, kisha hupitishwa katika matangi yenye punje za zeolaiti. Punje hizo hunasa naitrojeni na kuachia oksijeni yenye usafi wa takribani asilimia 93.

Adui wa zeolaiti ni maji. Huyanasa kwa nguvu kuliko inavyonasa naitrojeni; shinikizo likipunguzwa, naitrojeni hutoka, maji hubaki. Mgonjwa huendelea kupumua kwa mrija uleule, ilhali oksijeni iliyomo imepungua. Ndiyo maana kikausha hewa hutangulia zeolaiti.

Katika kikausha chenye minara miwili, mmoja hukausha hewa huku mwingine ukiondolewa unyevu kwa sehemu ya hewa iliyokwisha kukaushwa. Silika jeli hunyonya mvuke mwingi, lakini punje zake huelekea kupasuka zikipatwa na matone ya maji. Kwa pwani, ambako masika hulowesha kila kitu, alumina ni chaguo la busara zaidi. Hata hivyo, zote mbili hazivumilii mafuta ya kompresa: yakishazipaka, hazirudi katika hali yake.

Usafi wa oksijeni unaposhuka, agizo la zeolaiti mpya lisitangulie ukaguzi wa kikausha, vichujio na vali ya kumwagia maji. Punje mpya zikipokea hewa yenye unyevu zitaharibika vilevile, na gharama yake si ndogo.