Tone la Risasi na Umbo la Tufe

Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza ni metali nzito ya kijivu ambayo wanakemia huiandika Pb. Pili ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana ya pili ilizaliwa na ya kwanza, kwani kwa karne nyingi tufe lililorushwa na bunduki lilikuwa, karibu daima, la metali hiyo. Inafaa basi kuuliza: kwa nini risasi, na si chuma au shaba?

Sababu ya kwanza ni joto. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za Sentigredi. Shaba huhitaji nyuzi 1,085 na chuma 1,538. Kwa hiyo mwenye gobori hakuhitaji tanuri la mhunzi. Moto wa kuni, kijiko cha chuma na kalibu ya vipande viwili, inayofunguka kama koleo, vilimtosha kujisubia tufe zake. Sababu ya pili ni densiti. Sentimeta moja ya ujazo wa risasi ina gramu 11.3, ya chuma gramu 7.9, na kitu kidogo kilicho kizito hakipunguziwi mwendo upesi na hewa. Tatu, risasi ni laini, haiukwaruzi mtutu. Gobori hushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha tufe lililo jembamba kidogo kuliko tundu la mtutu, limefungwa kitambaa, likisukumwa kwa mdeki.

Waingereza waliupima upana wa mtutu kwa njia ya ajabu kidogo: waliuliza ni tufe ngapi za kuenea mtutu huo zitapatikana katika ratili moja ya risasi. Geji 12, jina linalotumika hata leo, maana yake ni tufe kumi na mbili kwa ratili. Mwanafunzi anaweza kulihakikisha jambo hili. Ratili ni gramu 453.6, hivyo kila tufe lina gramu 37.8; tukigawanya kwa densiti ya 11.34 tunapata ujazo wa sentimeta 3.33 za ujazo. Na tufe la ujazo huo lina kipenyo cha milimeta 18.5. Ndio upana wa mtutu wa geji 12.

Kalibu hufaa kwa tufe moja moja. Lakini marisaa, yaani vipunje vya kuwindia ndege, huingia mamia katika fataki moja, na kuvisubu kimoja kimoja ni kazi isiyo na mwisho. Mwaka 1782 William Watts, fundi bomba wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya njia nyingine. (Kazi yake haikuwa mbali na jambo hili: jina la Kiingereza la fundi bomba latokana na plumbum, jina la Kilatini la risasi, kwa kuwa mabomba ya zamani yalikuwa ya metali hiyo.) Watts alichimba shimo chini ya nyumba yake na kujenga mnara juu yake. Risasi iliyoyeyuka ilimiminwa kileleni kupitia chujio, ikaanguka matone matone, na chini ikapokewa na maji.

Yaliyotokea njiani ndiyo fizikia yenyewe. Molekuli au atomu zilizo usoni mwa kimiminiko huvutwa kwa ndani na jirani zao, hivyo uso hujikaza kama ngozi ya ngoma na kutafuta eneo dogo kabisa. Katika maumbo yote yenye ujazo mmoja, tufe ndilo lenye uso mdogo kuliko yote. Tone la umande juu ya jani la myugwa hukaribia umbo hilo, lakini uzito wake hulibonyeza juu ya jani. Tone linaloanguka halina cha kulibonyeza kutoka chini isipokuwa hewa; mkazo wa uso hushinda, na risasi huanza kuganda ikiwa tayari ni tufe. Maji humaliza kazi ya kuipoza. Kiasi kidogo cha aseniki huongezwa, maana bila hiyo utando wa oksidi huwahi kulivika tone na kuliachia mkia.

Mnara wa Baltimore, Marekani, uliojengwa 1828, una kimo cha meta 71. Kwa kanuni ya mwanguko huru, tone litafika chini kwa sekunde 3.8, kwa kweli huchukua muda zaidi, kwa sababu kipunje kidogo huzuiwa sana na hewa. Mnara wa Watts ulibomolewa mwaka 1968.

Wepesi ule ule wa kuyeyuka umeleta madhara. Tone la maji likiingia chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke wenye ujazo wa mara 1,700 hivi, na chungu chote hurushwa hewani. Hatari isiyo na kishindo ni ya vumbi la oksidi, linalobaki mikononi na nguoni. Risasi huingia katika damu na kujificha katika mifupa mahali pa kalisi, na watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Wavuvi wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu ili kusubu chubwi wamo katika hatari hiyo hiyo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliodhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 ikaamriwa walipwe fidia.

Marisaa yanayoangukia mabwawani nayo huua. Bata humeza changarawe za kusagia chakula katika firigisi, na hawezi kutofautisha changarawe na kipunje. Firigisi hukisaga, asidi ya tumbo hukiyeyusha, na sumu huingia katika damu. Marekani ilikataza marisaa ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini nchini kote mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika ardhi oevu kuanzia 2023. Chuma cha pua kinachotumiwa badala yake ni chepesi zaidi, hivyo vipunje vyake hulazimika kuwa vikubwa kidogo, na ugumu wake huweza kuharibu mitutu ya zamani. Kwa bunduki hizo hutumiwa bismathi, jirani wa risasi katika jedwali la elementi: densiti yake ni 9.8, huyeyuka katika nyuzi 271, lakini ni ghali na huvunjika upesi.