Jumba la starehe lililogeuka nyumba ya televisheni

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mama yake huvuka mpaka wa Manyovu kufuata mchele na chumvi, aliniuliza: "Mwalimu, hivi televisheni ilianzia wapi?" Mimi niliiona mara ya kwanza kambini Mtabila, kwenye banda la video, nimebanwa katikati ya watu wazima. Nilifurahi kuulizwa.

Nikawaeleza habari za Alexandra Palace, jumba lililo juu ya kilima kaskazini mwa London. Lilifunguliwa Mei 24, 1873 kwa starehe za wananchi, na siku 16 baadaye likateketea kwa moto. Likajengwa upya na kufunguliwa 1875. Watu walifuata muziki na michezo ya kuigiza. Nje palikuwa na mbio za farasi. Mwaka 1935 BBC wakapanga upande wa mashariki, wakasimika mnara, na Novemba 2, 1936 wakaanza matangazo ya kawaida ya televisheni. Mitambo ilikuwa ya aina mbili, ya Baird na ya Marconi-EMI, ikipokezana wiki kwa wiki. Ile ya Baird ilipiga picha kwenye filamu, ikaisafisha papo hapo kwenye dawa, ndipo ikairusha. Usumbufu mtupu! Iliachwa mapema 1937. Miaka ya 1970 masomo ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza yalirekodiwa humo humo, jambo linalonipa wivu mimi mwenye chaki.

Lakini kilichonyamazisha darasa ni kingine. Mwaka 1914, Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, Wabelgiji wapatao 250,000 walikimbilia Uingereza, na jumba hilo likawa kambi yao. Mwaka uliofuata wakafungiwa humo raia wa Kijerumani. Na 1916 majeshi ya Ubelgiji yakaingia hapa kwetu Burundi.

"Wabelgiji, Mwalimu? Wakimbizi?"

Ndiyo, wakimbizi. Bibi yangu aliwajua kama watu wa kodi na viboko tu. Vita ilipokwisha, serikali ya Uingereza iliwapa tiketi za bure, za kwenda bila kurudi. Sisi tulioshuka kwenye magari na mabegi yetu mwaka 2012 tunaielewa safari hiyo.

Yule kijana akauliza tena: "Na mashamba yao waliyakuta?"

Nilimwambia vijiji vingi vilikuwa vimebomolewa na mizinga. La kwangu sikumwambia. Shamba la baba nililikuta na migomba ya mtu mwingine, imeshazaa.