Redio ya mzee: usiiwashe mbio

Mu nyumba moja ya Saio, hapa Bunia, sanduku la mbao lilikaa juu ya kabati miaka mingi. Ni redio ya lampe. Babu, aliyekuwa fundi wa umeme ku Kilo-Moto, aliitengeneza na mikono yake: shasi ya bati, lampe ine, oparleri moja. Mjukuu wake anachimba zahabu. Aliporudi toka shimo, alitaka kuiwasha na grupe ili mama yake aisikie tena. Fundi jirani akamkamata mkono: «Acha kwanza, kijana. Hii kitu inaweza kukuua.»

Ni kweli. Uzi wa ndani ya lampe unaomba volti 6,3 tu, lakini ku anodi kunaweza kufika volti 250. Kondansateri kubwa zinaweza kuchunga ile nguvu hata nyuma ya kuzima. Usizigongeshe na turnevisi. Uzimwange kupitia rezistansi, kisha pima mpaka uone sifuri.

Tena kondansateri zinaharibika na uzee. Ukiwasha mara moja, transfo inaweza kuungua, na transfo ya namna ile ni ngumu kuipata ku soko. Ndiyo maana fundi alitia ampule ya zamani, ya wati 60, mu njia ya umeme. Ampule ikiwaka kisha ikafifia, ni vizuri. Ikibaki kali, umeme unapita pabaya: zima.

Ilibaki kali. Fundi akatoa EZ80, lampe inayonyoosha umeme, ampule ikafifia. Basi transfo ilikuwa mzima, ugonjwa ulikuwa mbele yake. Akabadilisha kondansateri kubwa. Redio ikaamka, lakini sauti ilikwaruza, na anodi ya ECL82 ikaanza kuwa nyekundu. Akazima mbio. Kosa lilikuwa kondansateri ndogo ya karatasi, iliyovujisha umeme mpaka ku gridi ya lampe ile. Akaweka mupya.

Hii redio haikamate FM. Babu alisikilizia Radio Candip zamani, ilipokuwa inapita ku mawimbi mafupi. Ile jioni ilikamata stesheni ya mbali, lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mama akavuta kiti karibu, akasikiliza mpaka mwisho.

Ba papa na ba mama, kama muko na redio ya namna hii, musiitupe, na musiichomeke ku grupe. Mupeleke kwanza kwa fundi anayejua lampe.