Kutoka Kanombe hadi Nyundo: Mapatano Kwanza, Safari Baadaye

Safari ya ndege haimaliziki pale magurudumu yanapogusa ardhi. Kwa mtu anayekwenda Nyundo, karibu na mji wa Gisenyi katika Wilaya ya Rubavu, sehemu iliyo ngumu zaidi huanza hapo. Mizigo imo mikononi, watoto wamechoka, na kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali, zimebaki kilomita zipatazo 150 za barabara ya milimani. Askari aliyepewa likizo fupi, au mke wake anayemfuata na watoto, hana siku ya kupoteza kwa ugomvi wa nauli.

Zamani wako waliotazama upande wa pili wa mpaka, kwani uwanja wa Goma uko kilomita chache tu kutoka Gisenyi. Lakini uwanja huo umepatwa na misukosuko mingi. Mwezi Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava iliyofunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, na Januari 2025 mapigano ya kuutwaa mji huo yalisimamisha safari za abiria. Kwa hiyo mwenye kwenda Nyundo hupanga safari yake kupitia Kanombe.

BASI AU GARI LA KUKODI?

Mabasi ya abiria huondoka katika kituo cha Nyabugogo, hupita Musanze, na kuteremka hadi Rubavu. Nauli yake ni nafuu kuliko gari la kukodi, na mtu mmoja mwenye begi moja, aliyetua asubuhi, hana sababu ya kutafuta zaidi. Ila Nyabugogo na Kanombe ziko pande mbili tofauti za jiji, na basi halimngoji mtu ambaye ndege yake imechelewa.

Gari la kukodi lina maana kwa anayetua usiku, kwa mwenye watoto wachanga au mgonjwa, na kwa watu wanne walio tayari kugawana gharama. Si anasa iwapo hesabu yake imefanywa mapema. Huwa hasara pale linapokodiwa kwa haraka mlangoni mwa uwanja, bila neno lolote kuandikwa.

KARATASI NDOGO YENYE FAIDA KUBWA

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hata katika nchi za mbali abiria hulindwa kwa karatasi. Huko Belgrade, mji mkuu wa Serbia, mji wenye ngome kongwe ya Kalemegdan inayotazama makutano ya mito ya Sava na Danube, na ambao mwaka 1961 ulipokea mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote, abiria hupewa kwenye dawati la teksi uwanjani karatasi yenye bei iliyokwisha kupangwa kwa eneo analokwenda. Dereva na abiria wote huijua bei kabla injini haijawashwa.

Mwenye kwenda Nyundo anaweza kuitayarisha karatasi yake mwenyewe, au ujumbe wa simu, na kumwomba dereva aukubali. Mambo yafuatayo yasikosekane:

Kwanza, bei kwa faranga za Rwanda, na kama ni ya gari zima au ya kila abiria.

Pili, nani atalipia mafuta na maegesho, na dereva atangoje muda gani ndege ikichelewa bila kudai nyongeza.

Tatu, mahali hasa pa kushukia. Atokaye Kigali hufika Nyundo kabla ya Gisenyi. Dereva akiambiwa "Gisenyi" tu, huenda akapitiliza hadi kwenye hoteli za ufukwe wa Ziwa Kivu, kisha akataka malipo ya kurudi nyuma. Ni bora atajiwe Kanisa Kuu la Nyundo au shule ya sanaa iliyoanzishwa huko mwaka 1959.

Nne, fedha zote zisitolewe mwanzoni. Sehemu kubwa ilipwe mwisho wa safari, mbele ya mwenyeji.

Jina la dereva na namba ya gari vipelekwe nyumbani kabla ya kuondoka. Dereva mwema hachukizwi na jambo hilo.

SAA NA UPANDE WA BARABARA

Saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja zikilinganishwa na za Tanzania, Kenya na Uganda. Inapokuwa saa 2 usiku Dar es Salaam, Kigali ni saa 1 usiku. Tiketi huonyesha saa ya mahali ndege inapotua, nayo ndiyo apewe dereva.

Tena, magari ya Rwanda hupita upande wa kulia. Watoto waliozoea barabara za Tanzania, Kenya au Uganda wafundishwe kushuka kwa mlango wa kulia, usioelekea magari yanayopita.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini humo tangu mwaka 2008, hivyo zawadi zitiwe katika kikapu au mfuko wa nguo.

NJIANI

Barabara hupanda Shyorongi, hufika Musanze chini ya milima ya volkano, kisha hupita Mukamira na Bigogwe, mahali palipo juu ya mita 2,000, kabla ya kuteremka kuelekea ziwani. Baridi ya huko ni kali usiku. Sweta na blanketi la mtoto vikae karibu, visifungiwe ndani ya buti. Safari huchukua saa tatu au zaidi, na dereva asihimizwe kukimbia, maana kona ni nyingi.

Wakati wa masika tahadhari iongezwe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walifariki, na mto Sebeya, unaopita Nyundo, ulibomoa nyumba nyingi. Katika miezi ya Machi hadi Mei, dereva aulizwe hali ya barabara siku hiyohiyo, na mvua ikizidi ni heri kulala Kigali kuliko kuushindana na mlima gizani. Likitokea la kutokea, simu ya dharura ya polisi ni 112.

Mwenyeji naye ana wajibu wake. Aache simu wazi, amtume kijana na tochi penye njia ya kuingilia, na aweke maji ya moto jikoni. Mgeni aliyepatana vema na dereva wake hufika na fedha zake mfukoni, na hasira hana.